Vespa ya Zamani Inapogoma: Soma Dalili Kabla ya Kushika Spana

Ukiiegesha Vespa PX iliyorudishiwa rangi yake pale Forodhani, hapa Zanzibar, saa za jioni, hukai dakika tano peke yako. Atakuja mzee aliyeendesha kama hiyo ujanani, atakuja mgeni na simu yake anataka picha, na watakuja watoto ambao mikono yao huenda moja kwa moja kwenye mpini. Wote huuliza mawili: ni ya mwaka gani, na je, unauza? Mimi huangalia kitu kingine. Huinama nikatazama chini ya injini kama pana tone la oili, kisha nikangoja mwenyewe aipige kiki.

Nimeona nyingi zinazong'ara zikirudi nyumbani kwa kusukumwa. Vespa ikifufuliwa, pesa huanza kwenye kinachoonekana: bati, rangi, kiti, kromu. Injini hupigwa brashi ya rangi ya fedha ikarudishwa mahali pake. Baada ya hapo chombo kinafunikwa shuka, kinakaa wiki sita, kinatolewa siku ya Idi au harusi, na hapo ndipo kinapogoma mbele ya watu. Matatizo mengi ninayoyaeleza hapa yanazaliwa na mambo hayo mawili, kurembwa na kusimama.

Nazungumzia hasa P125X na P150X na PX zilizofuata, ukoo ulioanza kutoka kiwanda cha Piaggio mwaka 1977, maana ndio ninaoujua kwa mikono yangu. Jambo moja tu nakuomba kabla hatujaanza: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadili plagi, jeti (kipande chenye kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) na koili kwa mpigo mmoja na injini ikawaka, hujajifunza chochote, na ikigoma tena mwezi ujao utaanza upya.

Haiwaki, plagi imelowa

Hii ni asubuhi ya baada ya kuitembeza. Jana ilikuwa nzuri, leo unapiga kiki mpaka fulana inalowa. Fungua plagi. Ikiwa imelowa petroli na harufu inapanda puani, uliacha koki ya tangi wazi usiku kucha, na sindano ya boya ndani ya kabureta imeshindwa kuzuia. Petroli imeshuka mpaka kwenye tumbo la injini.

Funga koki. Toa plagi, weka kifuniko chake mbali na tundu ili cheche isikutane na mvuke, zungusha mpini wa mafuta mpaka mwisho, kisha piga kiki kumi na tano hivi ili petroli itoke. Kausha plagi, au bora zaidi weka nyingine kavu, na uwashe bila choki. Ikiwaka itatoa wingu kubwa kwa dakika moja au mbili; usiogope. Sindano ya boya ni ya bei ndogo, ibadilishe. Koki nayo ifungwe kila unapoegesha, hata kama unakwenda kunywa urojo tu na kurudi.

Plagi ikiwa kavu kabisa, tatizo ni kinyume chake. Hakuna petroli inayofika. Ikiwa chombo kilisimama miezi na petroli iliyochanganywa na oili, petroli imepeperuka na kuacha utomvu wa oili ndani ya jeti. Jeti ndogo, ile ya sailensa (injini inaponguruma bila kuvutwa mafuta), ndiyo huziba kwanza kwa kuwa tundu lake ni dogo mno. Isafishe kwa upepo wa kompresa au uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Usitumie sindano ya chuma, maana itapanua tundu, na jeti iliyopanuka haina dawa.

Ikiwa plagi ina unyevu wa kawaida lakini haina cheche, nenda sehemu inayofuata.

Inakwenda kilomita kadhaa kisha inazima

Hapa pana magonjwa mawili yanayofanana sana kwa nje, na watu huyachanganya kila siku.

La kwanza ni la pumzi ya tangi. Kifuniko cha petroli kina kitundu cha kuingiza hewa. Aliyepaka tangi rangi amekiziba, au mpira mpya wa kifuniko umekaa juu yake. Petroli inashuka, hewa haiingii, mwishowe haishuki tena. Dalili yake ni kwamba injini huzima kwa kuishiwa polepole kama mtu anayekata roho, na ukifungua kifuniko unasikia "fsss". Funga, washa, inakwenda tena kilomita mbili. Pia angalia bomba la petroli lisiwe refu kupita kiasi. Likikunjika kitanzi chini ya tangi, hewa hukaa humo na kuzuia mafuta. Likate liwe fupi lenye mteremko mmoja.

La pili ni la joto kwenye umeme. Injini huzima ghafla, tap, kama umezima swichi, na haiwaki mpaka ipoe, robo saa au zaidi. Toa plagi ikiwa bado ya moto, ishikishe kwenye chuma cha injini, piga kiki. Kama hakuna cheche wakati wa moto lakini ipo ikipoa, basi mgonjwa yuko nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini.

Vespa za P za miaka hiyo zenye CDI, yaani boksi la elektroniki la kutoa cheche, zina udhaifu unaojulikana dunia nzima: ganda la nyaya zinazotoka kwenye sahani ya koili hukauka kwa joto na oili, likapasuka na kumomonyoka kama mkate mkavu. Shaba inabaki uchi, inagusana. Kwa nje huoni kitu, kwa sababu nyaya zimevishwa bomba jeusi. Nilihangaika na yangu wiki mbili nikibadilisha boksi la CDI, mara la kuazima, mara la kununua, mpaka fundi mmoja mzee wa Mwanakwerekwe akaniuliza, "Mwanangu, umezipinda nyaya?" Nikazipinda. Ganda likadondoka mkononi.

Ukiwa na mita ya umeme, chomoa nyaya za koili kutoka kwenye boksi la CDI na upime. Kati ya waya mweupe na wa kijani usome kama omu 500, na kati ya mweupe na mwekundu kama omu 110. Pima ikiwa baridi, kisha upime tena mara tu inapozima kwa joto. Namba ikiruka ikiwa moto, umempata mwizi. Dawa ni kutoa flaiwili kwa kifaa chake maalumu cha kuivuta, kamwe si kwa nyundo, na kulehemu upya nyaya zote kwa risasi, kwa waya unaostahimili joto. Kabla ya kulegeza ile sahani, kwaruza alama inayoonyesha ilipokaa. Alama hiyo ndiyo taimingi yako, yaani wakati wa cheche.

Ukiwa hapo, tazama ufunguo mdogo wa nusu mwezi unaoishika flaiwili kwenye krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukikatika au kulika, flaiwili huhama kidogo na cheche huja wakati si wake. Dalili yake ni kiki inayorudisha mguu kwa nguvu na milipuko kwenye ekzosi.

Sailensa inapanda yenyewe

Nataka ukae hapa muda mrefu kuliko kwingine, kwa kuwa dalili hii ndiyo inayoua injini, nayo watu huipuuza kwa sababu haileti usumbufu. Unaachia mafuta, injini badala ya kushuka inaendelea kulia juu kwa sekunde kadhaa. Au inatulia vizuri ikiwa baridi, na ikishapata joto sailensa inapanda bila kuguswa. Wengi hulegeza skrubu ya sailensa na kuondoka. Wamenyamazisha kilio, ugonjwa umebaki.

Hiyo ni hewa ya wizi. Injini ya namna hii huvuta mchanganyiko wa hewa, petroli na oili kupitia tumbo lake. Hewa ikipenya mahali pengine, petroli inakuwa chache na oili inakuwa chache pia, kwa kuwa oili haina njia nyingine ya kufika kwenye pistoni isipokuwa pamoja na petroli. Joto linapanda. Pistoni ya aluminiamu hutanuka upesi kuliko silinda ya chuma. Siku moja ukiwa unakwenda kasi barabara ya Bububu, zinakamatana.

Mahali pa kutafuta ni panne au patano. Anza na kitako cha kabureta. Kabureta ya Dell'Orto ya SI inafungwa juu ya injini kwa boliti mbili ndefu, na fundi mwenye mkono mzito akizikaza sana, kitako kinajipinda kama sahani. Kiweke juu ya kioo na ukibonyeze pembeni, kikicheza, kimepinda. Weka msasa laini juu ya kioo hichohicho na ukisugue taratibu kwa mzunguko mpaka kiwe sawa. Gasketi mpya, kaza kwa kiasi, basi.

Halafu shina la silinda. Aliyepaka rangi silinda kabla ya kuifunga ameacha tabaka kwenye uso wa gasketi. Linaungua, linaacha nafasi. Injini ikiwa inanguruma, puliza mafuta mepesi ya kupenyeza kuzunguka shina la silinda na kitako cha kabureta. Sauti ikibadilika mahali fulani, hapo ndipo. Usitumie petroli kwa jaribio hili karibu na injini ya moto.

Kukiwa salama, twende kwenye sili za krenkishafti, ambazo ni mbili. Iliyo nyuma ya flaiwili ikichoka, inavuta hewa, na mara nyingi utaona utando wa oili umetapakaa nyuma ya flaiwili. Iliyo upande wa klachi ina dalili zake, nitazieleza chini. Sili hizi ni mpira. Vespa iliyokaa miaka kumi kwenye banda la mtu ina sili zilizokauka, hata kama rangi yake mpya inakuonyesha uso wako. Anayefufua chombo bila kubadili sili amekivisha kanzu mpya juu ya kidonda.

Mwisho kabisa, soma plagi. Endesha kilomita tano kwa mwendo wa kawaida, zima injini ukiwa bado unatembea huku umeshika klachi, simama, uifungue. Rangi ya haluwa ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi. Nyeupe kama chaki ni onyo, usiendeshe tena siku hiyo.

Moshi mweupe usioisha

Vespa hizi zinatoa moshi, hilo ni umbile lake. Moshi wa buluu kidogo wakati wa kuwasha usikutie hofu. Unaotisha ni ule mweupe mzito unaofunika kichochoro kizima na kuendelea hata injini ikishapata joto. Kabla ya kulaumu oili ya kuchanganya, fungua nati ya kujazia oili ya gia. Kama kiwango kinashuka na hakuna tone sakafuni, oili hiyo inaliwa. Sili ya upande wa klachi imeachia, na tumbo la injini linainyonya.

Pana jaribio rahisi. Injini ikiwa kwenye sailensa, fungua ile nati na uzibe tundu kwa kidole. Ukisikia mapigo ya pumzi kwenye kidole, au sauti ya injini ikibadilika ukiziba na kuzibua, sili haifanyi kazi. Mara nyingine uvujaji huwa wa upande wa pili, petroli inaingia kwenye gia. Ukimwaga oili ikatoka nyepesi na inanuka petroli, jibu ni lilelile.

Kuibadilisha kunataka injini ifunguliwe. Ukishafungua, badilisha sili zote mbili, beringi zilizochoka, gasketi zote, na angalia uso ambao krenkishafti hupita kuufungua na kuufunga mlango wa mafuta. Kwenye injini hizi krenkishafti yenyewe ndiyo vali. Uso huo ukichimbika, injini hurudisha pumzi kwenye kabureta, kuwasha kunakuwa taabu, na hakuna jeti itakayoiponya.

Oili ya kuchanganya ni asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Tumia kipimo, si kifuniko cha chupa. Wako wanaozidisha wakidhani wanailinda injini. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti inapungua, na ekzosi inajaa masizi.

Imekwama ghafla

Injini ikianza kukamata, utahisi kama mtu amekushikia breki ya nyuma. Shika klachi hapohapo, usifikiri. Vidole vyangu viwili hukaa juu ya klachi kila ninapokwenda kasi, tangu siku tairi la nyuma liliponiburuza karibu na Mazizini.

Ukishasimama, iache ipoe nusu saa. Ikizunguka kwa mkono, huenda pistoni imekwaruzwa tu. Lakini usiiwashe na kuendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Tafuta sababu: hewa ya wizi, oili iliyosahauliwa, taimingi iliyotangulia mno, au kitu ambacho wafufuaji hukisahau, ule mfuniko unaoelekeza upepo wa feni kwenye silinda. Nimeuona ukiachwa nje ili silinda iliyosafishwa ionekane. Feni ya flaiwili inapuliza, upepo unapotelea hewani, na silinda inaiva.

Nguvu imepungua kidogo kidogo

Hakuna kelele, hakuna moshi wa ajabu, ila chombo kilichokuwa kinapanda kilima kwa gia ya tatu sasa kinataka ya pili. Ni ekzosi iliyojaa masizi, hasa kwa Vespa inayotembezwa mwendo wa pole ndani ya Mji Mkongwe ili ionekane. Itoe, ichome, igonge, imwage. Mara moja moja ipeleke barabara ndefu ikapumue.

Gia inaruka, klachi inang'ang'ania

Gia ikiruka, hasa ya pili, anza na kebo zinazoiunganisha na mpini. Kebo mpya hunyooka katika safari za mwanzo, na watoto wanaozungusha mpini chombo kikiwa kimesimama huzivuta zaidi. Mimi siku hizi namkaribisha mtoto akae kwenye kiti na kumwonyesha mpini ulivyo, lakini mkono wangu unabaki pale. Kebo zikiwa sawa na gia bado inaruka, msalaba wa gia ndani ya mhimili umelika pembe, nao uko ndani ya injini. Subiri uubadilishe pamoja na sili, ufungue mara moja.

Klachi iliyosimama muda mrefu hugandana. Tia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, shika klachi, sukuma mbele na nyuma mpaka sahani ziachane. Ikiwa inateleza badala ya kuganda, uliza ni oili gani imetiwa. Klachi inaogelea ndani ya oili ya gia, na oili za kisasa za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Tia SAE 30 ya kawaida, robo lita.

Taa zinaungua zote pamoja

Rangi mpya haipitishi umeme. Rekuleta, kile kidude kinachozuia umeme usizidi, inataka kugusana na bati tupu. Ukiifunga juu ya rangi, haidhibiti chochote, na balbu zinakufa usiku mmoja. Kwaruza rangi chini yake na chini ya kila ncha ya waya wa ardhi, paka grisi kidogo, kaza. Dakika ishirini, na umeepuka kununua balbu kila wiki.

Sakafu inalia

Vespa haina chesisi ya mabomba kama pikipiki nyingine. Corradino D'Ascanio, aliyeisanifu Vespa ya kwanza iliyotoka mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na akafanya bati lenyewe ndilo libebe mzigo. Kwa hiyo sakafu iliyooza ni mgongo uliovunjika, hata kama juu pana zulia zuri la mpira. Dalili ni mlio wa kukatika ukikanyaga breki, mpini unaoyumba ukipita shimo, au milango ya pembeni isiyokaa sawa na mwili.

Huku kwetu upepo wa bahari unaleta chumvi mwaka mzima. Chini ya zulia, kuzunguka kanyagio la breki na kwenye mikono ya chuma inayopita chini ya sakafu ndiko kutu huanzia. Ukienda kununua, chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pale isiponata ujue ni puti iliyoziba pengo la bati. Chini, gonga kwa mpini wa bisbisi. Bati zima linalia, lililooza linajibu kwa sauti ya boksi la karatasi.

Kabla fundi hajakata sakafu ya zamani, mwambie achomelee kwanza nondo kutoka kwenye shingo ya mpini hadi chini ya kiti. Asipofanya hivyo, mwili utajipinda wakati haujashikwa na kitu, na Vespa yako itakwenda ubavu maisha yake yote. Ukishamaliza, acha vitundu vya kutolea maji wazi, usiviache vizibwe na rangi. Kila ukitoka pwani, mwagia maji baridi chini, si juu tu, kisha inua zulia likauke.

Na ukibadilisha tairi, toa upepo wote kabla ya kugusa nati yoyote. Ringi ya Vespa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati, na tairi lenye upepo huvirusha kama risasi. Ukirudisha tairi la nyuma, angalia pia nati kubwa ya katikati na pini yake ya usalama. Ikilegea, inakula meno ya ngoma ya breki, na utaisikia ikigonga "klaki" kila unapoondoka.